Saa Sitini Ambazo Kadidja Hakuwepo

Nianze na kura, ili mtu asije akasema nimeficha. Tulikuwa sitini na wanne katika promosheni yetu, yaani darasa la mwaka wa mwisho, idara ya maendeleo ya vijijini. Kiongozi wa darasa tunamwita CP. Wagombea tulikuwa wawili: mimi, Jephté, na Kadidja Mahamudi. Kadidja alipata kura arobaini na moja. Mimi nilipata ishirini na mbili. Kura moja iliharibika kwa sababu mwenyewe aliandika «sijui», na mpaka leo huyo namheshimu kuliko wapiga kura wengine wote.

Mimi nilihutubia dakika ishirini. Niliahidi viti, niliahidi choo chenye mlango, niliahidi kwamba sauti ya mwanafunzi itafika ngazi za juu. Kadidja alisimama, akarekebisha pini ya mtandio wake, akasema kwamba katika mwaka wake orodha ya mahudhurio itasema kweli. Akakaa. Nilijua hapo hapo kwamba amejimaliza.

Lazima nieleze jambo la orodha. Kwetu mwalimu akiwa anafundisha, karatasi tupu inapita kutoka benchi hadi benchi. Kila mtu anaandika namba, anaandika jina, anasaini. Asiyefikisha robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani wa kwanza. Anangoja ule wa mwezi wa tisa. Hiyo ndiyo sheria. Desturi ni nyingine: leo unamwandikia mwenzako, kesho naye anakuandikia. Mwaka uliotangulia, Idrissa, ambaye alikuwa amekwisha hamia Kampala na kuoa hukohuko, alihudhuria Takwimu kwa miezi miwili bila kukosa siku hata moja. Mwalimu alipendezwa sana naye. Akamwita mbele aje awaeleze wenzake siri ya bidii yake. Tukaangaliana. Siku hiyo darasa zima tulikatwa pointi tano, na nadhani zile kura arobaini na moja zilitoka kwenye hizo pointi tano.

Kadidja ni mtoto wa Mabanga, hapa Goma. Baba yake, Papa Mahamudi, ana asili ya Kasongo kule Maniema, lakini maisha yake ameyamalizia kwenye usukani wa Fuso kati ya Goma na Kiwanja, akienda na sabuni na chumvi, akirudi na maharage. Ana watoto saba. Kadidja ndiye wa kwanza kufika karibu na mwisho wa chuo, na mzee hakuwa mtu wa kulificha jambo hilo. Kwetu mwanafunzi akimaliza kutetea kazi yake mbele ya jopo la walimu, anatoka nje na kumwagiwa poda mpaka yasionekane ila macho na meno. Mwezi wa pili tu Papa Mahamudi alikuwa amekwisha nunua makopo sita ya poda ya watoto na kuyapanga juu ya kabati. Kwenye maegesho ya malori alitangaza kwamba kati ya tarehe kumi na ishirini ya mwezi wa saba dereva yeyote anayemheshimu asipange safari.

Ili atetee mwezi wa saba, Kadidja alihitaji kitu kimoja: afanye mitihani yote ya mara ya kwanza na apite. Hilo halikumsumbua mtu. Tangu mwaka wa kwanza hajawahi kuanguka somo lolote, na nasema hivyo kwa uchungu kidogo, maana mimi nimeanguka manne.

Kozi ya mwisho ilikuwa Uongozi wa Mashirika, saa sitini, ya Profesa Julien wa Kisangani. Zamani alikuwa akija kwa ndege, anafundisha wiki mbili asubuhi na mchana, anakula samaki wa ziwani, anarudi kwake. Tangu ndege ziache kutua Goma, profesa akawa anafundisha kwa vokali. Anajirekodi nyumbani kwake kwa simu, vipande vya dakika kumikumi, anamtumia CP. CP anakuja na simu, anaiunganisha kwenye bafle, na darasa linasikiliza.

Bafle, yaani spika kubwa, ilikuwa ya kaka yake Kadidja, Hassani, anayepiga muziki kwenye harusi. Ina ukubwa wa mbuzi aliyelala, na taa zinazobadilika rangi ambazo hakuna aliyejua kuzizima. Kadidja alikuwa akija nayo kwenye pikipiki, ameipakata. Anaiweka juu ya meza ya mwalimu, anakunjua waya, anapanga vipande kwa namba, maana mtandao una akili yake na mara nyingi hitimisho lilifika kabla ya utangulizi. Kisha anasema, «Promotion, debout!» Tunasimama. Bafle inakohoa, inasema bonjour, tunakaa.

Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeizoea nyumba ya profesa: jogoo wake, mvua kwenye mabati yake, mjukuu anayeitwa kila baada ya robo saa aache kitu fulani ambacho hatukukijua. Siku moja, katikati ya aina tatu za viongozi, simu ililia, na kabla Kadidja hajaikata tukasikia kwa nguvu zote za bafle sauti ya mama yake: «Kadidja, ukitoka huko upite sokoni, nyanya hakuna!» Wasichana wawili wa benchi ya mbele waliandika.

Sasa orodha. Kadidja alikuwa anachukua karatasi tupu, anaandika tarehe juu, anampa wa kwanza wa benchi ya kwanza, kisha anarudi kwenye bafle yake. Kipande kikiisha anaweka kingine. Betri ikilia anabadilisha. Karatasi ikirudi, anahesabu vichwa toka mbele mpaka nyuma, analinganisha na majina. Vikilingana, anachukua kalamu nyekundu na rula, anapiga mstari chini ya jina la mwisho, asipate mtu nafasi ya kuongeza kitu. Chini ya mstari anaandika: «Nimehakiki. CP.» Anasaini. Baada ya hapo hata malaika angeshuka asingeandikwa.

Tulimpa jina la Duani, kwa sababu ya duani ya mpakani, inayofungua kila begi. Alilijua. Siku moja alilikuta limeandikwa ubaoni, akalifuta pamoja na mengine ili aandike tarehe.

Mimi nilikosa siku tano kati ya kumi na tano. Shangazi yangu Kahambu anauza maharage, na alinituma Kiwanja nikasimamie magunia yake. Mvua ikaharibu barabara, nikalala kule nikiyatazama. Unatakiwa uhudhurie siku kumi na mbili. Nilikuwa na kumi. Nikamfuata Kadidja akikunja waya.

«Duani, mbili tu,» nikamwambia. «Uniwekee siku mbili. Hata Profesa mwenyewe haiko hapa.»

«Profesa hasaini,» akasema. «Mi nasaini yangu tu, Jephté. Yako, saini wewe mwenyewe.»

«Mi nilikuwa Kiwanja!»

«Basi ungesaini Kiwanja.»

Akabeba bafle, akaondoka. Nilimchukia wiki nzima, na nilifanya hivyo kwa mpangilio, asubuhi na jioni.

Lakini la Olive lilikuwa baya zaidi. Olive anakaa Mugunga, na miezi ile mama yake alikuwa amelazwa, kwa hiyo alikuwa akitokea hospitali kwa miguu. Alikuwa na siku kumi na moja. Siku ya kumi na tano, siku ya mwisho kabisa, mvua ilinyesha kama inayolipwa. Olive aliingia darasani profesa akiwa bado anazungumza, amelowa mpaka vitabu, viatu mkononi. Kadidja alikuwa amekwisha piga mstari. Ilikuwa dakika moja iliyopita, wino ulikuwa haujakauka vizuri, mimi niliuona.

«Kadidja, niandike,» Olive akasema. «Niko hapa. Uko unaniona.»

«Niko nakuona.»

«Basi?»

«Mustari ilishapigwa, Olive.»

Bafle peke yake iliendelea, ikieleza jinsi kiongozi mzuri anavyojua kusikiliza. Olive alikwenda akakaa benchi ya nyuma, akasikiliza mpaka mwisho huku maji yakimtiririka, kisha akatoka bila kumuaga mtu. Kadidja aliweka karatasi kumi na tano ndani ya bahasha ya plastiki.

Wiki iliyofuata orodha ya mtihani ilibandikwa kwenye valvu, lile sanduku la kioo la matangazo lililo karibu na mlango wa ofisi. Watu hamsini na watano walikubaliwa. Chini kulikuwa na kichwa kingine: «Mahudhurio pungufu.» Nikajitafuta, nikajipata. Kumi juu ya kumi na tano. Olive, kumi na moja juu ya kumi na tano. Na wengine sita. Nikadhani imeisha, halafu nikaona bado kuna mstari mmoja, wa tisa, umebanwa chini kabisa karibu na fremu.

«Kadidja Mahamudi: 0 juu ya 15.»

Nilisoma mara tatu. Watu walikuja, wakasoma, wakasema ni kosa la mashine. Kadidja naye akafika, na watu wakampisha kama wanavyompisha mfiwa. Alisoma akiwa ameweka kidole kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Nilifurahi. Sitasema kwamba nilisikitika kwanza. Nilifurahi mpaka nikaenda kujinunulia soda.

Nilipoimaliza nilikwenda kwa apariteri, yaani mtunza majina na pointi, kujaribu bahati yangu. Kwetu ni Muzee Nsabimana, mwenye ofisi ndogo ya mbao na birika la umeme ambalo halijawahi kupata umeme wa kutosha. Nikamkuta Kadidja amekwisha fika. Nikasimama nyuma yake kwenye foleni ya watu wawili. Muzee alikuwa ametandaza karatasi zote kumi na tano mezani.

«Kosa haiko yangu, mama,» alisema. «Tuangalie pamoja. Tarehe ya kwanza: majina makumi sita na tatu. Weye uko wapi?»

Kadidja aliinama, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Nilimwona anaanza kuelewa, na haukuwa uso wa mtu anayeelewa jambo zuri. Karatasi ilianza na benchi ya kwanza na kuishia benchi ya mwisho. Yeye hakuwa na benchi. Alikuwa mbele, na bafle. Akihesabu vichwa, alihesabu vya waliokaa. Kila siku vililingana.

«Hii hapa,» akasema, akionyesha chini ya mstari mwekundu. «Niko hapa. Siku zote kumi na tano. Saini yangu.»

«Hiyo iko saini ya CP.»

«CP njo mimi, muzee.»

«Najua njo weye. Mais CP haina matricule, namba ya mwanafunzi.» Muzee alisema hivyo kwa upole kabisa, kama daktari. «Mi naingizaka batu benye matricule. Vyeo siingizake.»

«Batu bote balikuwa bananiona! Nani alileta bafle? Nani aliweka masomo?»

«Mi sina colonne ya bafle.»

Nje mtu alikuwa anapita na chukudu iliyojaa mbao, magurudumu yakilia juu ya mawe. Muzee akaondoa miwani, akaipangusa kwa shati, akamtazama Kadidja kwa muda. Kisha akatoa kalamu ya buluu mfukoni na kuilaza mezani.

«Sikia,» akasema. «Miaka kumi na tano niko mu hii bureau. Hakuna CP aliniletea karatasi safi kama hizi. Kati ya jina ya mwisho na mustari yako, kuko kanafasi. Kadogo, mais kako. Ukiandika herufi ndogondogo, utaenea. Mi natoka kutafuta maji ya chai.»

Akalichukua birika, akatoka. Birika lilikuwa limejaa, nililiona.

Tukabaki wawili. Kadidja aliishika kalamu. Alivuta karatasi ya kwanza, akaweka ncha ya kalamu pale pale, juu ya mstari mwekundu. Na jina ambalo angeandika lingekuwa la kweli! Hilo ndilo lililokuwa linanikera. Alikuwepo. Hakuna mtu aliyekuwepo katika kozi ile kuliko yeye, akiwemo profesa.

«Andika, CP,» nikamwambia. «Mi sitasema kitu.»

Hakugeuka. «Na wewe utaandika?»

«Kidogo tu.»

«Siku mbili?»

«Siku mbili.»

Akapumua kwa pua, karibu iwe kicheko. Akavuta karatasi ya kumi na tano, ile ya mvua, ambayo ilikuwa na tone la maji lililokaukia pembeni. Akaitazama sana. Nikajua anamtazama nani.

«Olive alikuwako,» akasema. «Nilimuona na macho yangu. Kulikuwa nafasi yake pia.»

«Basi muandike naye!»

«Alinililia ile siku, Jephté, na nilimwambia mustari ilishapigwa. Sasa niseme mustari ilipigwa kwa nani? Kwa Olive tu?»

Akafunika kalamu, akailaza pale alipoikuta, sambamba na ukingo wa meza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilikasirika. Nilitaka aandike. Nilitaka aandike ili nipate siku zangu mbili na nimchukie kwa raha mpaka mwisho wa maisha yangu, na sasa alikuwa ameninyima vyote viwili.

Muzee alirudi na birika lake. Akatazama karatasi, akatazama kalamu.

«Donc uko absent,» akasema.

«Niko absent,» Kadidja akajibu, akatoka.

Wenzetu walijitahidi. Waliandika barua, wakasaini hamsini na watano. Ofisi ikajibu kwamba wanafunzi hawawezi kusainiana mahudhurio, na kwamba jambo hilo lilisisitizwa na CP wao mwenyewe. Tukamtumia profesa ujumbe. Alijibu kwa vokali ya dakika mbili, jogoo akiwemo. Alisema amesikitika sana, alimjua Kadidja kwa sauti na kwa maswali aliyokuwa akimfikishia kila siku, alikuwa CP bora aliyewahi kumpata. Lakini kutoa ushahidi kwamba alikuwa darasani hawezi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwepo.

Jinsi alivyomwambia baba yake alitusimulia baadaye. Papa Mahamudi alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana, na mazungumzo yote aliyafanyia huko huko.

«Ulikuwako?»

«Nilikuwako, papa.»

«Balikuona?»

«Bote.»

«Na ku karatasi?»

«Siko.»

Kisha mzee akasema, «Hiyo naijua. Mizigo iko ndani ya gari, mais haiko ku karatasi. Ku barrière haipite.» Akaomba apewe spana namba kumi na nne. Jioni alikwenda maegesho, akawaambia madereva wapange safari zao kama kawaida. Makopo ya poda hakuyashusha kabatini, ila aliyafunika kwa gazeti.

Mwezi wa saba wenzetu walitetea. Mimi sikwenda. Kadidja alikwenda siku zote tatu, na bafle, kwa sababu walikuwa wameomba muziki. Alisimama karibu na ukuta akiweka nyimbo, watu wakimwagiana poda mbele yake. Walioona wanasema alirudi nyumbani na nguo nyeusi safi kabisa, bila doa jeupe hata moja. Kila mtu alikuwa anaogopa kummwagia.

Mwezi wa nane ofisi ikatangaza kwamba wale tisa wa mahudhurio pungufu wasikilize kozi upya, saa zote sitini, kabla ya mtihani wa mwezi wa tisa. Profesa asingerudia kujirekodi. Vokali zilikuwa kwenye simu ya Kadidja.

Siku ya kwanza nilifika mapema, sijui kwa nini. Darasa la watu sitini na wanne likiwa na tisa linatoa mwangwi. Olive alikuwa amekaa peke yake benchi ya nyuma. Mama yake alikuwa amekwisha toka hospitali, ila Olive alikuwa hajamsemesha Kadidja tangu siku ya mvua. Kadidja akaingia na bafle kifuani. Akaiweka mezani, akakunjua waya. Taa zikaanza kubadilika rangi. Akachukua karatasi tupu, akaandika tarehe juu, akanipa mimi, maana nilikuwa benchi ya kwanza, kisha akarudi kwenye waya zake.

Nilichukua kalamu. Nikaandika namba moja. Halafu nikakaa naitazama ile namba.

Nikainuka na karatasi, nikaipeleka mbele.

«CP, saini.»

«Muanze nyie,» akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa na waya mmoja mkononi na mwingine mdomoni.

«Hapana. Wewe kwanza.»

Akautoa waya mdomoni. «Jephté, mikono imejaa, huoni? Uniandikie tu. Weka jina yangu, tuanze.»

Darasa zima lilisikia. Nilisikia benchi ya Olive ikilia nyuma.

«Mi nasaini yangu tu,» nikamwambia. «Yako, saini wewe mwenyewe.»

Kadidja alinitazama. Nilidhani atanipiga na ule waya, na ningekuwa nimestahili. Kisha Olive akaja kutoka nyuma, taratibu, akamnyang'anya waya zote mbili bila kumwambia kitu, akaanza kuziunganisha yeye.

«Nenda ukae,» Olive akasema. «Hii haiko na ufundi.»

Kadidja alikuja akakaa kwenye benchi ya kwanza, kando yangu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya wageni. Akavuta karatasi. Mbele ya ile namba moja akaandika: Kadidja Mahamudi. Akasaini. Akalisoma jina lake toka mwanzo mpaka mwisho, akalisoma tena, kisha akanisogezea karatasi.

«Promotion, debout!» Olive akasema mbele yetu.

Tukasimama wote, Kadidja naye. Bafle ikakohoa, ikasema bonjour. Tulipokaa nikachukua kalamu, nikajiandika namba mbili.